Namba za Jirani

Siku za likizo, kazi ya kwanza ya Mwandiko kila asubuhi ilikuwa kufuta vumbi. Alianza na meza, akaja kwenye printa, kisha kibodi, akipitisha ncha ya kitambaa katikati ya vitufe kama mtu anayesafisha masikio ya mtoto mchanga. Kompyuta yenyewe aliifuta mwisho, tena kwa kitambaa kikavu, maana Mama alikuwa mkali sana juu ya kitambaa kibichi. Baada ya hapo aliiwasha, akafungua ubao wa pili wa mlango, na duka likawa limefunguliwa.

Lilikuwa duka dogo la kuchapa barua, kutoa kopi na kutuma maombi ya kazi na ya vyuo kwa njia ya intaneti. Nje palibandikwa tangazo: TUNACHAPA, TUNATOA KOPI, TUNATUMA. Herufi zote alizichora Mwandiko. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na mwalimu wake wa darasa la nne, kwa sababu kila kilichoandikwa ubaoni yeye alikinakili bila kuacha hata nukta. Jina likamganda, hata mama yake akawa anaitwa Mama Mwandiko.

Upande wa pili wa ukuta wa mbao kulikuwa na studio ya picha. Mwenyewe aliitwa Mzee Tabasamu. Siku nzima ungemsikia, "Tabasamu! Tabasamu kidogo! Siyo hivyo, hapo umekenua!" huku uso wake mwenyewe umekunjamana kama shati lililolaliwa.

Mtandao wa intaneti ulikuwa wa Mzee Tabasamu. Ruta, kile kisanduku chenye vitaa vya kijani kinachogawa mtandao, kilikuwa kimefungwa kwenye ukuta wa studio yake. Yeye na Mama walikuwa na makubaliano ya mdomo tu: Mzee anampa Mama mtandao, na Mama anamchapia Mzee barua na matangazo yake yote. Neno la siri Mama hakulijua. Siku ya kwanza Mzee alikuja mwenyewe, akaketi, akaliandika kwenye kompyuta ya Mama, akasimama.

"Ukilijua, wateja watakuomba, na wewe una haya, utawapa," alisema. "Usipolijua unalala usingizi."

Mama alicheka, akakubali. Wakaishi vizuri hivyo kwa muda mrefu.

Asubuhi moja, baada ya usiku ambao umeme ulikatika na kurudi, ukakatika na kurudi, Mama alikwenda mjini kununua karatasi. Mwandiko alibaki dukani na binamu yake, msichana mdogo aliyeitwa Mapengo kwa sababu meno yake ya mbele yaling'oka mapema na mapya hayakuwa na haraka. Akaingia dada mmoja aliyevaa sare ya wafanya usafi wa hospitali. Alitaka kutuma maombi ya kujiunga na chuo cha uuguzi.

Mwandiko akafungua ukurasa. Ukurasa haukufunguka. Alama ya mtandao pembeni mwa skrini ilikuwa imekatwa na kistari.

"Mtandao haupo," alisema.

"Jamani! Leo ndiyo mwisho wa kupokea," yule dada alisema, akishika kichwa. "Na kazini nimeomba ruhusa kidogo tu."

Mwandiko alizima kompyuta, akaiwasha. Hakuna. Akaizima tena. Hakuna. Mama alikuwa amewakataza wasiguse mipangilio ya kompyuta. "Hapa ni kuchapa na kutuma," alizoea kusema. "Mambo ya ndani yana wenyewe." Lakini katika klabu ya kompyuta shuleni, mwalimu aliwahi kuwaonyesha mahali pa kuona anwani ya kompyuta, yaani zile namba zinazotenganishwa na nukta ambazo mashine hujulikana kwazo kwenye mtandao. Mwandiko akafungua pale. Akakuta namba ambazo hazikumwambia chochote.

"Unajua maana yake?" Mapengo aliuliza begani kwake.

"Sijui. Ila ya Mzee Tabasamu inafanya kazi, kwa hiyo namba zake ndizo sahihi. Ni kama ubaoni. Ukikosea unatazama tena, unanakili upya."

Alikimbia studio. Mzee Tabasamu alikuwa ameshavaa begi la kamera.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sema upesi. Kuna darasa zima la watahiniwa limeitwa shule likizo hii, linanisubiri, limeshachana nywele."

"Naomba kutazama kitu kwenye kompyuta yako. Nabonyeza mara mbili tu."

"Tazama. Picha za watu usiguse."

Hakumuuliza ni kitu gani, na Mwandiko hakumwambia. Alifungua pale pale mwalimu alipowaonyesha, akanakili namba zote kwenye kiganja chake kwa kalamu, nukta kwa nukta. Mzee alizima kompyuta yake, akafunga mlango, akaenda zake shuleni.

Dukani, Mwandiko alichagua mahali pa kuandika namba kwa mkono, akaziingiza kutoka kwenye kiganja. Kile kistari kikatoweka. Ukurasa wa chuo ukafunguka.

"Loo!" yule dada alipiga makofi. "We mtoto una mikono ya ajabu!"

Alipoondoka, maombi yakiwa yametumwa, Mapengo alikuwa anarukaruka. "Mama Mkubwa akirudi namwambia umetengeneza intaneti!"

"Usithubutu. Atauliza nimegusa nini."

Akaenda kunawa kiganja kwa sabuni.

Tangu siku hiyo, kwa Mama mambo yalikuwa sawa. Kwa Mzee Tabasamu hayakuwa sawa. Mama alizoea kufungua mapema, na Mzee alifungua jua likishapanda, maana alisema uso wa asubuhi haupigiki picha. Kila alipowasha kompyuta yake, hakupata mtandao. Alizima ruta, akaiwasha. Aliipuliza. Siku moja Mwandiko alimsikia akiibembeleza: "Nimekukosea nini, mama? Hebu sema."

"Mama Mwandiko!" aliita kupitia ukutani. "Kwako upo?"

"Upo, Mzee! Unakwenda kama maji!"

"Kwangu haupo!"

"Pole, Mzee! Labda kompyuta imechoka!"

Kisha Mama akapata safari ya kumwona ndugu mgonjwa, akafunga duka siku nzima. Siku hiyo Mzee Tabasamu alipata mtandao kutoka asubuhi hadi jioni bila shida yoyote. Hapo akaanza kupiga hesabu zake. Kesho yake alikuja mapema kuliko Mama, akawasha kwanza, akapata. Mama alipofika na kuwasha, akakosa. Na yeye akaanza kupiga hesabu zake.

Yakawa mashindano. Hakuna aliyejua sababu, ila wote wawili waligundua kwamba anayewasha kwanza ndiye anayekula siku. Mama akawa anaondoka nyumbani chai ikiwa bado inatokota. Mzee Tabasamu akawa anafungua studio kabla wachuuzi hawajapanga meza zao. Walikutana mlangoni gizagiza, kila mmoja na funguo mkononi, wakasalimiana kwa adabu kubwa, halafu wakakimbilia ndani.

Mwandiko aliyatazama yote hayo. Alikuwa mtoto wa kutazama. Aliona kwamba mtandao haujawahi kuwa kwa wote wawili kwa wakati mmoja, hata mara moja. Na alikumbuka ni lini ulianza kuwa hivyo.

"Ilianza siku ile," alimwambia Mapengo walipokuwa wanachota maji bombani.

"Siku gani?"

"Ya yule dada wa hospitali. Siku niliyonakili."

"Lakini wewe hukuharibu, ulitengeneza. Ulipigiwa na makofi!"

"Kwetu ilitengenezeka. Kwake ndiyo ikaharibika."

Mapengo aliweka ndoo chini, akafikiri. "Nyamaza tu," alisema. "Kwani nani atajua? Kompyuta haisemi."

Mwandiko akanyamaza. Kila siku aliyonyamaza, kusema kulizidi kuwa kugumu.

Siku mambo yalipolipuka, Mama ndiye aliyekuwa amewahi. Mzee Tabasamu alitoka studio simu ikiwa bado mkononi, akasimama mlangoni kwa Mama. Mwalimu mkuu alikuwa amempigia. Picha za watahiniwa wa shule nzima zilitakiwa kufika ofisini kwake kwa mtandao, na hakuna hata moja iliyofika.

"Mama Mwandiko, nakuheshimu," alianza. "Lakini mtandao nilikupa wa kunywa. Wewe unaoga."

"Naoga?" Mama alisimama. "Mzee, mimi hata video ya harusi ya mdogo wangu sijaitazama kwenye mtandao wako!"

"Basi wateja wako wanatazama."

"Wateja wangu hawajui neno la siri. Na mimi silijui. Unalijua wewe na Muumba wako. Nami niseme langu: siku unazowahi wewe, kwangu unakatika. Nani anaukata, kama siyo mwenye ruta?"

"Nikukate kwa nini, mimi?"

"Na mimi nikunyang'anye kwa nini?"

Watu wawili watatu walikuwa wameshasimama barabarani kusikiliza. Mzee aliwaona, akashusha sauti.

"Sikia. Kesho asubuhi naitoa ruta ukutani, naipeleka nyumbani, kazi zangu nitazifanyia huko. Tusije tukavunjiana heshima zaidi ya hapa."

Aliondoka. Mama aliketi, akatazama printa kwa muda mrefu.

"Kuchapa peke yake siku hizi nani anakuja?" alisema, si kwa mtu yeyote. "Watu wanakuja kwa ajili ya kutuma. Bila mtandao hili duka halimalizi mwezi."

Mwandiko alisogea karibu na meza. Alifungua mdomo, lakini Mama alikuwa ameshachukua simu, anampigia mdogo wake. Mjomba alikuwa fundi wa kompyuta katika mji mwingine, mtu wa mizaha hata katika matatizo. Mama aliweka simu mezani, sauti ikasikika na wote.

"Dada, kabla sijasema lolote," Mjomba alisema, "nani kagusa nini?"

"Hakuna aliyegusa."

"Hivyo ndivyo wanavyosema wote. Uliza tena."

Mama aligeuka. "Mwandiko, umegusa kitu?"

Mwandiko akatikisa kichwa. Kilitikisika chenyewe, kabla yeye hajakiruhusu.

"Haya," alisema Mjomba. "Hakuna aliyegusa. Basi tusipoteze muda kutafuta. Tutauweka upya mtandao wa hiyo kompyuta. Itasahau kila kitu kinachohusu mtandao: namba zilizoandikwa kwa mkono, majina ya mitandao, maneno ya siri, vyote. Itakuwa kama siku ilipotolewa kwenye boksi."

"Uwii! Na barua za watu?"

"Barua haziguswi, dada. Picha haziguswi. Tunafagia njia, nyumba hatuingii."

"Hata kama kuna mtu alikosea mahali?"

"Kosa lake linafutika humo humo. Hatutalijua tena."

Mapengo alimkonyeza Mwandiko, akaachia tabasamu lenye mwanya katikati. Na Mwandiko, kwa aibu yake, alihisi nafuu kidogo.

Mama alimwambia ashike kipanya, kwa kuwa yeye ana macho mazuri. Mjomba alielekeza. Wakafungua Mipangilio, wakaingia kwenye Mtandao na Intaneti, wakashuka hadi chini kabisa, wakakuta maneno Weka Upya Mtandao. Mwandiko akabonyeza. Kompyuta ikauliza kama wana hakika.

"Inauliza," alisema Mwandiko.

"Ina adabu hiyo. Ijibu."

Akabonyeza ndiyo. Kompyuta ikawaonya wahifadhi kazi zao, ikangoja, ikazima. Kwa muda skrini ilikuwa nyeusi, na wote watatu wakajiona ndani yake: Mama, Mapengo, na yeye Mwandiko katikati. Kisha ikawaka.

"Sasa fungua orodha ya mitandao iliyo karibu," Mjomba alisema. "Mnauona wa jirani?"

"Tunauona."

"Ubonyeze. Inasemaje?"

"Inataka neno la siri."

"Liwekeni."

Mama alijipiga paji la uso. "Hatuna! Lilikuwa humo humo ndani."

"Analo nani?"

"Analo anayetufukuza."

Mjomba akaacha mizaha. "Basi, dada, hapo fundi hana kazi," alisema. "Nenda ukamwombe."

Mama alinyoosha gauni lake, akaenda mlango wa pili, kwa Mzee Tabasamu. Ukuta ulikuwa wa mbao, na Mwandiko alisikia kila neno.

"Mzee, tumeisafisha kompyuta yetu. Imesahau yote. Nakuomba uje utuandikie neno la siri, tuanze upya."

"Kompyuta yako imesahau," Mzee Tabasamu alijibu. "Mimi sijasahau."

"Mzee wangu..."

"Tena ngoja nikuonyeshe. Nimewasha yangu sasa hivi. Unaona? Mtandao umerudi. Mara tu yako ilipotoka, kwangu umerudi. Sasa hapo unaniambia nini, Mama Mwandiko? Nani alikuwa anaoga?"

 Mama alirudi taratibu, akaketi, akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Mwandiko alimtazama. Kosa lake lilikuwa limefutika kwenye kompyuta kweli kweli, pasipo alama yoyote. Lakini halikuwa limepotea. Lilikuwa limehama, likaenda kukaa juu ya kichwa cha mama yake, na mama yake hata hakujua amebebeshwa nini.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Akamweleza. Alianza na yule dada wa hospitali, akaenda studio, akarudi na kiganja, akafika kwenye sabuni. Mapengo alisogea polepole hadi nyuma ya printa. Mama alisikiliza bila kumkatiza.

"Na Mjomba wako alipouliza?"

"Niliogopa."

"Mwandiko, mimi nimetukanwa barabarani!"

"Najua, Mama." Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Twende ukamwambie Mzee."

Mama alifikiri, kisha akatikisa kichwa. "Mimi nikisema, ataona nimekosa pa kutokea, sasa namsingizia mtoto. Nenda mwenyewe."

Studio ilinukia karatasi mpya za picha. Mzee Tabasamu alikuwa amepanda kwenye kigoda, bisibisi mkononi, anapima skrubu za ruta kwa macho. Hakuona haja ya kungoja kesho; picha angezituma kutoka nyumbani.

"Kama umetumwa kuomba, rudi," alisema bila kugeuka.

"Sikutumwa, Mzee. Nimekuja kusema kosa langu."

Bisibisi ikasimama. Mwandiko akaeleza tena, na safari hii ilikuwa ngumu zaidi, maana alikuwa anausemesha mgongo.

"Siku ile uliyosema unatazama?" Mzee aliuliza.

"Ndiyo. Nilizitazama namba zako, nikazipeleka kwetu."

"Nitajuaje kama ni kweli? Kompyuta yenu si imefutwa kila kitu?"

"Imefutwa. Lakini mimi nazikumbuka."

Akazitaja namba kwa moyo, moja baada ya nyingine, na kila ilipokuwepo nukta akasema nukta. Mzee Tabasamu alishuka kwenye kigoda. Alikwenda kwenye kompyuta yake, akamwambia amfungulie mahali penyewe, akavaa miwani.

"Taja tena. Polepole."

Akataja tena. Mzee alizifuata kwenye skrini kwa kidole hadi ya mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama Mwandiko badala ya skrini.

"Ukazinakili zote hivi?"

"Ndiyo."

"Hakuna uliyokosea hata moja," alisema. "Afadhali ungekosea."

Mama alikuwa ameshafika mlangoni na simu, na Mjomba ndani yake, amesikia habari yote.

"Mzee, shikamoo," Mjomba alisema. "Hiyo kompyuta yako, aliyeifunga aliipa namba maalumu kwa mkono?"

"Marahaba. Ndiyo, yule fundi wa ruta. Alisema ni kwa ajili ya printa yangu ya picha."

"Basi ndiyo hiyo. Mtaa mmoja, nyumba mbili, milango yote miwili imeandikwa namba moja. Mtu wa kuleta barua akifika, anampa aliyefungua mlango kwanza. Wa pili anaambiwa, wewe hapa hupo."

Mzee Tabasamu alishika kiuno. "Kwa hiyo kule kuamka kote alfajiri..."

"Mlikuwa mnashindana kufungua mlango, Mzee."

"Na mgongo wangu huu!"

Mama alizuia kicheko kwa kiganja, kikamponyoka.

Mzee Tabasamu aliweka bisibisi juu ya meza. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alipita mbele yao, akaingia dukani kwa Mama, akaketi kwenye kiti cha Mama, akavuta kibodi.

"Geukeni," aliamuru.

Waligeuka wote, hata Mapengo kule nyuma ya printa. Vitufe vikalia. Kisha akasimama.

"Msiandike namba yoyote," Mjomba alionya kutoka kwenye simu. "Iacheni ruta iipe kompyuta namba yake yenyewe, kama ilivyokuwa kabla umeme haujaivuruga siku ile. Safari hii kila mtu na mlango wake."

Alama ya mtandao ilizunguka, ikazunguka, ikatulia. Ukurasa ukafunguka. Mwandiko hakuambiwa na mtu. Alitoka mbio hadi studio, akatazama skrini ya Mzee, akarudi mbio.

"Na kule upo!" alisema, akihema. "Upo huku na upo kule!"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mzee Tabasamu alienda kutuma picha za watahiniwa, na kupitia ukutani wakamsikia anamwambia mwalimu mkuu kwenye simu, "Zinakuja, mwalimu, zinakuja, zihesabu tu." Alipomaliza alirudi mlangoni kwa Mama, akasimama kama mteja asiye na hakika ya bei.

"Mama Mwandiko, lile neno la kuoga..."

"Limepita, Mzee. Hata mimi niliyosema humu ndani juu yako, heri hukuyasikia."

"Niliyasikia. Ukuta ni mbao."

Wakacheka, Mama kwa sauti, Mzee kwa mabega tu. Alipokwisha kucheka alimnyooshea Mwandiko kidole. "Na wewe. Siku ile ungesema, 'Mzee, mtandao wetu umekatika, nifanyeje,' ningempigia fundi wangu hapo hapo. Nilikuwa na haraka, sawa, lakini si haraka ya kukosa kukusikia. Ulikuja kuchukua bila kuuliza."

"Nisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe. Ila matangazo yangu mapya ya dirishani utayaandika wewe, kwa mkono, herufi kubwa. Hiyo ndiyo adhabu."

Jioni, wateja walipopungua, Mama aliwaita Mwandiko na Mapengo wakae karibu naye. Simu ilikuwa bado mezani, maana Mjomba alikuwa amepiga tena kuuliza hali.

"Sikupigi, na sipigi kelele," Mama alisema. "Kunakili kwako ni kuzuri, mwanangu, na sikukatazi. Lakini ukiona kitu kinafanya kazi kwa mwenzio, kwanza uliza kwa nini kinafanya kazi. Huenda ni chake peke yake. Ukikichukua hivi hivi, unamwacha hana, na wewe hujui ulichonacho. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"La pili. Mjomba alipouliza nani kagusa nini, hakutafuta wa kumchapa. Alitafuta pa kuanzia. Ukienda kwa daktari atakuuliza umekula nini, na mwalimu atakuuliza hesabu umeifanyaje. Ukimficha, anatibu kwa kubahatisha. Leo tulifuta kila kitu ndani ya hii mashine, ikawa safi kabisa, na bado tungelala bila mtandao, kwa sababu ugomvi haukuwa ndani ya mashine tu. Mzee Tabasamu hana mahali pa kubonyeza akasahau. Ilibidi mtu aende kwa miguu yake, akasimame mbele yake, aseme ukweli. Ulichelewa, lakini ulikwenda. Hilo nimeliona."

"Na mimi je?" Mapengo aliuliza. "Mimi sikugusa chochote."

"Wewe ulijua ukanyamaza, na ukamfundisha mwenzio kunyamaza. Matangazo ya Mzee mtayaandika wawili."

"Lakini mwandiko wangu mbaya!"

"Utapaka gundi."

Mjomba alicheka hadi simu ikakoroma juu ya meza. Mwandiko alingoja amalize, kisha akaisogelea.

"Mjomba."

"Naam."

"Zile namba, kila moja ina kazi yake? Ile ya mwisho, kwa mfano. Kwa nini lazima iwe tofauti na ya Mzee?"

"Aa," alisema Mjomba, na sauti yake ikawa ya mtu anayevuta kiti. "Sasa umeuliza. Kaa vizuri, nikueleze."